Nta Ndani ya Kikombe cha Pembe

Hapa kwetu Oldonyo Sambu watu walishakubaliana kitambo kwamba baba yangu, mzee Eliud, hajui kulenga. Walilisema hilo kwa upendo, sikatai, lakini walilisema. Walilisema mashineni wakisubiri kusagiwa, walilisema mnadani, na hata siku ya maziko yake mzee mmoja wa kanisa alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mtu wa huruma, maana hata kwale aliwapiga nusu nusu. Watu wakacheka msibani. Mimi sikucheka. Nilitazama viatu vyangu nikajiambia, Elinipa, nyamaza, huyu ni mzee na hapa ni makaburini.

Kusema ukweli, ushahidi walikuwa nao. Kwale wakishuka shambani wakati wa kupanda hawaachi kitu. Wanafuata mstari wa mahindi wakifukua mbegu shimo kwa shimo, na ukiwapigia kelele wanakutazama tu. Kila mwenye gobore huku alikuwa anawapiga, na wa wenzetu walirudi wamekufa kabisa, shingo zinaning'inia. Wa baba walirudi kwenye kikapu wakipiga kelele. Bawa limevunjika, au mguu, macho yamewatoka, lakini wako hai. "Eliud kawaamsha tena usingizini," watu walisema, na baba anacheka nao, anapita zake.

Jumamosi nyingi alikuwepo mtu wa kuwapokea hao kwale. Huyo ni mzee Shomari, fundi cherehani wa mjini, kwenye mitaa ya zamani karibu na soko. Walijuana na baba kwa sababu ya majoho ya kwaya. Usharika wetu ulimpa Shomari kazi ya kushona majoho ya zambarau, baba akatumwa kwenda kupimwa, akarudi jioni amechelewa, anasema amepata rafiki. Mmoja Muislamu mwenye asili ya Tabora, mwingine Mlutheri, Mmeru wa kwenye migomba aliyehamia huku kwenye ukame kutafuta shamba. Sikuwahi kuwasikia wakibishana dini. Walikuwa wanabishana kuhusu chumvi.

Shomari alikuja na vitu viwili: kisu chake, kimefungwa kwenye gazeti, na mfuko wa vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani. Vitambaa vilikuwa vya gobore. Gobore unalijaza kwa mdomoni. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa chuma, unamimina marisau, zile punje ndogo ndogo za risasi, unashindilia kitambaa kingine, halafu unaweka fataki pale chini ya nyundo. Ukifyatua, vitambaa vinatoka na moshi, vinaanguka shambani. Utoto wangu wote niliokota vipande vya zambarau katikati ya maharage. Shomari alimchinja kwale nyuma ya jiko letu, ameelekea kibla, mama akapika, wakala sahani moja na baba. Mimi nilidhani ndivyo maisha yalivyo.

Baba alifariki mwaka jana baada ya mavuno. Kaka yangu Godbless, ana duka la vipuri Kimandolu, akasema gobore lipelekwe polisi likasalimishwe. "Utalifanyia nini, Eli? Mwanamke na gobore wapi na wapi?" Hapo ndipo aliponikosea. Nilifuatilia leseni mpaka ikahamia kwenye jina langu, nikaomba na kibali cha kupiga ndege waharibifu, na mvua za kwanza zilipoanza nikalitoa stoo. Nilikuwa na nia moja. Nilitaka mtu yeyote asiseme tena kwamba kwenye nyumba ile hawajui kulenga.

Niliuosha mtutu kwa maji ya moto mpaka yakatoka safi. Mwisho nikachukua kikombe. Baba alipimia kwa kikombe cha pembe, ncha ya pembe ya pongo iliyokatwa na kutobolewa ndani: kikombe kimoja cha baruti, na kikombe hicho hicho kimoja cha marisau. Nilipochungulia nikaona chini yake kuna uchafu mweusi umeganda, umekula karibu nusu ya nafasi. Nikasema, eti kumbe! Miaka yote mzee anapima nusu na hana habari. Nikachukua msumari, nikaukwangua uchafu wote, ukatoka vipande vipande, nikaufagia nje.

Nilipasua mifuko ya saruji nikaitundika kwenye uzio nipate kuona punje zinakwendaje. Hiyo kazi ina utamu wake. Baruti ikizidi, punje zinatawanyika na katikati panabaki tundu ambalo kwale anapita akikucheka. Marisau yakizidi, punje zinakwenda pamoja vizuri, ila bega linakuuma mpaka kesho yake. Nilipunguza hiki nikaongeza kile, nikabadilisha vitambaa, mpaka karatasi ikatoboka kila mahali kama chekeche. Jirani yangu Lesikar alikuwa anapitisha ng'ombe, akasimama akaitazama ile karatasi, akaingiza kidole kwenye matundu.

"Mama Brenda," alisema, "leo hilo gobore limezaliwa."

Kesho yake nilipiga mara moja wakaanguka kwale wawili, na hawakutikisika. Niliwabeba kwa miguu, vichwa chini, nikapita njia ndefu ya mashineni makusudi. Nilitaka waone, na waliona.

Wiki hiyo hiyo alinipigia simu Najat, binti wa mzee Shomari.

"Dada Eli, hospitali wamemrudisha Baba nyumbani," alisema.

"Afadhali. Anaendeleaje?"

"Wamemrudisha nyumbani," alirudia, na hapo nikaelewa. "Hali kitu. Uji anautema, supu ya kuku anaisukuma. Jana kasema anataka kwale wa Eliud. Nikamwambia, Baba, mzee Eliud si tulimzika? Akasema, shamba lipo."

Nilijibu kesho nakuja nao. Wala sikufikiri mara mbili. Asubuhi nilipiga wawili wanono, nikawaweka kwenye kikapu, nikashuka mjini.

Nilimkuta kwenye kile chumba cha mbele kilichokuwa duka. Cherehani imefunikwa shuka, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha. Mtu mwenyewe alikuwa amekwisha, mikono imebaki mifupa. Mkewe, Mama Batuli, alikuwa amekaa pembeni yake anampepea kwa kipepeo cha ukili.

"Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja nao?"

"Nimekuja nao. Wawili, na wamenona." Nikafungua kikapu kwa majivuno, nikamtoa mmoja. Shingo ikaning'inia.

Mzee alinyoosha mkono akampapasa yule ndege kifuani, halafu chini ya bawa, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mwenyewe. "Alikuwa na roho ulipomfikia?" aliuliza.

"Aa, wapi! Alikufa papo hapo, hata hakuteseka," nilisema, bado najisifu, mjinga mimi.

"Basi huyu kibudu, mwanangu," Mama Batuli alisema taratibu. "Hakuwahiwa kuchinjwa. Hatuwezi kumla."

Nilisikia uso unawaka. Jambo lenyewe nalijua tangu sijaota meno ya utu uzima! Nimekua namwona mzee huyu akichinja nyuma ya jiko letu. Lakini haikuwahi kuniingia akilini kwamba iko siku ndege wa kwetu atafika kwake amekufa, kwa sababu haijawahi kutokea. Najat aliona aibu yangu akajaribu kuniokoa. Akamwambia baba yake kwamba wapo masheikh wanaosema mwenye bunduki akipiga bismillahi wakati wa kufyatua, inatosha.

"Wapo," mzee alijibu. Akanigeuzia macho. "Na aliyefyatua alisemaje?"

"Nilisema Yesu nisaidie," nikasema.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Mama Batuli akamwinua. Alipotulia akanishika mkono. "Usihuzunike, Elinipa. Wewe una shabaha, hiyo ni neema. Baba yako Mungu alimnyima shabaha ili anipe mimi riziki. Ukiondoa siku ile ya kwanza kabisa, hakuniletea ndege aliyekufa. Angekuwa anajua kulenga yule, ningekula mchicha kila Jumamosi."

Hata huku! Hata kitandani kwa rafiki yake neno ni lile lile. Nilitabasamu kwa sababu ya ugonjwa, lakini moyoni nilikuwa nimechemka. Nilipoaga, Najat alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia anachokula baba yake ni chai tu, na hata hiyo ni vijiko. Akasema hajui zimebaki siku ngapi.

Nilirudi na kwale wangu. Mama yangu, bibi Hanna, aliwapika, nikakaa mbele ya sahani nikashindwa kumeza.

Lesikar alinishauri mitego. Maneno ya busara, tukatega kando ya uzio pale wanapopenyea. Kwale wa kwanza kamba ilimshika shingoni, nikamkuta amenyongwa, kibudu kingine. Wa pili tulimkuta ni manyoya matupu, nguchiro kashamaliza kazi. Baada ya hapo hawakusogea tena upande ule. Kwale si wajinga. Najat akapiga simu: "Dada, kama unakuja, njoo mapema."

Niliingia jikoni nikatupa kamba chini. Mama alikuwa anapepeta maharage mlangoni penye mwanga, maana macho yake siku hizi si mazuri.

"Kwani huwezi kupiga kama baba yako?" aliniuliza.

"Mama, baba alikuwa hajui kulenga! Mimi najua, ndiyo shida yenyewe!"

Lilinitoka hivyo hivyo, neno lile lile nililogombana na watu kwa ajili yake. Mama aliacha kupepeta. Sikumwona akikasirika, na ingekuwa heri angekasirika.

"Ile nta iko wapi?" aliuliza.

"Nta gani?"

"Ya kwenye kikombe cha pembe."

"Ule uchafu? Niliukwangua."

Akaweka ungo chini. Alipangusa mikono kwenye kanga yake ingawa haikuwa na kitu. Halafu akaniambia nikae, nikakaa kwenye gunia la mahindi.

"Siku ya kwanza Shomari alipokuja hapa," alianza, "baba yako alikuwa amepiga kwale asubuhi, mzuri, katikati ya kifua. Alikuwa anajua sana kulenga baba yako, wewe ulikuwa hujazaliwa. Nikampika. Tukaketi mezani, Shomari akauliza kachinja nani. Baba yako akasema kafa kwa gobore. Basi Shomari akala ugali na mchicha. Akasema ameshiba tangu asubuhi, akasifu mchicha mpaka nikaona haya. Akaondoka na njaa. Baba yako usiku ule hakulala. Mgeni kashinda njaa mezani pake, unaelewa? Kesho yake akaingia stoo na mshumaa."

"Akaweka nta."

"Akaweka nta kikombe kiwe kidogo. Akachukua mche wangu wa sabuni ya kufulia, mpya, akaufunga kwenye ukingo wa mfuko wa saruji. Analenga katikati ya mfuko, lakini anachotazama ni sabuni kule ukingoni, punje mbili tatu zimeingiaje. Zikizama sana, anaongeza nta. Kwa sababu kule ukingoni ndipo alipotaka kwale awe. Bawa liguswe, moyo usiguswe. Na baruti ikinunuliwa mpya anaanza upya, maana kila baruti ina nguvu zake. Miaka yote nimefua nguo kwa sabuni yenye risasi ndani. Zimenichania mashuka mangapi!"

"Na Baba mdogo Shomari anajua?"

"Anajuaje? Unamfahamu mwenyewe, mtu wa kuogopa kusumbua watu. Angejua kwamba mwenzake anashinda stoo anapima kwa ajili yake, angekuja tena? Angetuma salamu tu. Baba yako akasema, bora niitwe sijui kulenga."

"Na wewe ukanyamaza? Wanamcheka kaburini, Mama, wewe umekaa hapo hapo mbele!"

"Aliniomba," mama alisema. "Mimi ni nani nimvunjie ahadi akiwa kwenye sanduku?"

Nililia. Nililia kwa hasira kwanza, kisha hasira ikaisha nikawa nalia tu, kwa sababu nilimkumbuka akipita mashineni na kikapu chake kinachopiga kelele, anacheka nao. Mama aliniacha mpaka nilipomaliza. Ndipo aliponiambia nipande darini, kwenye kona ya juu ya jiko.

Niliukuta umefungwa kwa kitambaa cha zambarau: mche wa sabuni ya bluu, umekauka mpaka umepasuka. Kwenye ubavu wake kulikuwa na punje chache zimezama kiasi cha kufunikwa, ungeweza kuzibandua kwa ukucha. Huo ndio ulikuwa mzani wa baba. Nta nilikuwa nimeifagia, lakini jibu lilikuwa pale.

Siku ile nilifanya kazi ambayo hakuna mtu huku angeielewa. Nilikuwa nalirudisha gobore nyuma. Nilitundika mfuko wa saruji, nikafunga mche mwingine mpya wa mama ukingoni, nikapima baruti kwa kifuniko cha soda. Mlio wa kwanza ulikuwa wa aibu, kama mtu amefunga mlango, na marisau yakaanguka kwenye majani kabla hata ya kufika. Nikaongeza kidogo. Punje zikafika zikagonga sabuni zikadunda. Nikaongeza tena, zikazama zikapotea, mche ukatoka kipande. Nikapunguza. Bega halikuniuma safari hii, kilichoniuma kilikuwa kingine. Lesikar alipita na ng'ombe wake, akaona moshi mdogo na karatasi isiyo na matundu ya maana, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama Brenda, umeliharibu. Nani kakushauri?"

"Nenda kachunge, Lesikar."

Nilipoona nimekaribia niliyeyusha mshumaa, nikamimina nta ndani ya kikombe cha pembe, nikawa naichonga kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, napiga, naangalia, nachonga. Jua lilipoanza kuelekea nyuma ya mlima nilimpelekea mama miche yote miwili, wa baba na wangu. Hakuitazama. Alifumba macho akapitisha kidole gumba juu ya punje za huu, kisha za ule, kama alivyokuwa akizitafuta kwenye beseni miaka yote ile kabla ya kusugua shuka.

"Hii ndiyo," alisema.

Asubuhi kwale walikuwepo shambani mapema. Lesikar alikuja na pikipiki kunipeleka mjini, akajibanza nyuma ya uzio na rungu lake kutazama. Nililenga pembeni ya ndege, hewani, mahali pasipo na kitu. Niseme nini? Kila kiungo cha mwili wangu kilikataa. Nikafyatua, nikakosa kabisa, kundi likaruka likatua mbele kidogo. Nilijaza tena: baruti, kitambaa cha Shomari cha zambarau, marisau, kitambaa, fataki. Nikalenga pembeni tena, lakini karibu zaidi kidogo. Moshi ulipopungua niliona mmoja yuko chini, bawa limelala, anakimbilia kwenye miiba.

Nilimkimbiza. Mwanamke mzima, kanga imenifunguka, nimetambaa chini ya uzio wa miiba mpaka nikamshika, akanichoma kwa kucha mpaka damu. Lesikar alifika anahema, rungu liko juu.

"Pole, umempiga vibaya. Lete nimmalizie."

"Mguse uone!"

Alishusha rungu. Nadhani alidhani nimerukwa na akili, na sikuwa na muda wa kumweleza.

Nilipanda pikipiki na kikapu kifuani, mkono mmoja ndani, kiganja juu ya kifua cha kwale. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka sana. Barabara ile ya Namanga ina upepo, nikamfunika kwa kanga. Tulipofika Ngaramtoni aliacha kupiga teke, macho yakafunga, nikahisi mapigo yanapotea. "Usinifanyie hivyo," nilimwambia. "Umekula mahindi yangu, nisubiri kidogo tu." Nilimwambia Lesikar akimbie, akasema anakimbia, nikasema hukimbii. Sikuomba kwa maneno mazuri. Niliomba tu, Mungu wa baba yangu na Mungu wa Shomari, anayesikia na asikie.

Najat alikuwa mlangoni. "Yuko macho," alisema. Niliingia bila hata kuvua viatu, nikafungua kikapu kitandani, na yule kwale, asifiwe, akafungua macho akapiga kelele moja kali iliyojaa chumba.

Mzee Shomari aligeuza kichwa. Sijaona tena uso wa mgonjwa ukibadilika namna ile.

"Huyo," alisema. "Huyo ni wa Eliud."

Mama Batuli alisema amwite kijana wa msikitini aje achinje, maana mkono wa mzee hauwezi kushika hata kijiko. Mzee akakataa. Akataka kisu chake. Tulimwinua, Najat akaweka mito mgongoni, tukamgeuza kuelekea kibla, beseni likawekwa mapajani. Mimi nilimshika ndege mabawa na miguu kama baba alivyokuwa akimshikia. Mama Batuli akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Kisu kilikuwa kikali. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa akikinoa kila wiki hata baada ya msiba wa baba, bila kuwa na wa kumchinja. Akapiga bismillahi kwa sauti ya chini, akasema Allahu Akbar, ikaisha mara moja. Akalala nyuma akafumba macho, tukadhani ndiyo basi.

"Msitie chumvi nyingi," alisema. "Eliud alikuwa anatia chumvi nyingi."

Najat alipika uani. Harufu ilipoingia chumbani mzee alikuwa ameshakaa tena kwenye mito, anasubiri. Nilimlisha mwenyewe. Kijiko cha kwanza alikishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Cha pili kilikwenda upesi. Mama Batuli aligeukia ukutani akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilimchambulia nyama ya kifua, nyama laini, haina punje hata moja, akatafuna taratibu akaimaliza.

Halafu akaanza kucheka. Hakukuwa na kikohozi safari hii.

"Bawa," alisema. "Nimeliona. Umempiga bawani, pembeni kabisa. Juzi nikadhani wewe una shabaha, kumbe ilikuwa bahati tu. Ukoo wenu mzima, mwanangu, hamjui kulenga."

Najat alicheka, na Lesikar aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka kuliko wote. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Mnanifahamu sasa. Kila kitu nilikuwa nacho ulimini: nta, sabuni, mchicha wa siku ile ya kwanza, mama na kidole chake gumba. Sentensi moja tu ingetosha, na mbele ya mashahidi, na jina la baba lingesafishwa mahali lilipostahili kusafishwa kuliko pote.

Nilimtazama mzee. Alikuwa na mchuzi kidevuni na alikuwa ameshiba, na hakuwa anamdai wala kudaiwa na mtu yeyote.

"Ndiyo, Baba mdogo," nilisema. "Hatujui kabisa."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akanisogezea bakuli. Nikamwongezea.